Fomu ya Kuondoa Dawa

Mwaka ambao Shirikisho lilitumia fedha nyingi kwenye dawa kuliko kwenye shule na barabara zikiwekwa pamoja, mbunge mmoja mpya alisimama bungeni akauliza swali. Wenzake walicheka kidogo kabla ya kugundua kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na jibu. Alitaka kujua kwa nini nchi yenye watu wenye afya kuliko majirani zake wote ndiyo inayomeza dawa nyingi kuliko wote. Waziri aliahidi jibu la maandishi ndani ya siku sitini. Swali likashuka kutoka kwa waziri hadi kwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya, Hildebrandi Mapunda, na kutoka kwa Mapunda likatua mezani kwa mfamasia aliyeitwa Leokadia Haule.

Leokadia alikuwa na miaka hamsini na miwili, mjane, na alikuwa amefanya kazi wizarani pale Songea tangu alipomaliza chuo. Alikuwa na tabia ya kusoma waraka hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kusema neno lolote juu yake, na Mapunda alimwamini kwa sababu hiyo. Alimkaribisha kiti, akamweleza kwamba yeye binafsi anadhani jibu ni bei. Tangu madini ya betri yaanze kuchimbwa, viwanda vya dawa vilijua kwamba Shirikisho lina uwezo wa kulipa, basi vikapandisha. Wenye viwanda nao walikuwa wameshaleta barua wakisema jibu ni uzee, kwamba watu sasa wanafika miaka tisini na mzee hakosi maradhi.

"Chagua mojawapo, au zote mbili," Mapunda alisema. "Kurasa kumi zinatosha, Mama Haule."

Leokadia alisema ataangalia.

*

Kesho yake aliianza siku kama ilivyoanzwa katika kila nyumba ya Shirikisho, mbele ya kinu.

Kinu kilikuwa kisanduku cha ukubwa wa birika, kikikaa jikoni karibu na jiko. Ndani yake mlikuwa na mirija ya unga wa dawa mbalimbali, na kila alfajiri kilipima unga huo, kikauchanganya, kikaukandamiza kuwa vidonge vya mtu mmoja kwa siku moja. Chini ya ngozi, penye mfupa wa mtulinga, kila mtu aliyetimiza miaka ishirini alikuwa na punje, kipimo kidogo kama chembe ya mchele, kilichosoma damu yake, mapigo ya moyo wake na kazi ya figo zake. Punje ilipeleka habari hizo Songea kwa mtambo ulioitwa Mizani. Mizani iliangalia, ikakadiria ni ugonjwa gani unaweza kumpata mtu huyo na lini, kisha ikakituma kinu chake kimsagie dawa ya kuuzuia kabla haujafika. Watu walikuwa wamezoea. Walimeza na chai, wakaenda kazini.

Leokadia alikuwa anameza vidonge vitatu vyenye dawa saba ndani yake. Asubuhi ile alisimama na kikombe mkononi akajaribu kukumbuka kila dawa ilikuwa ya nini. Tano alizikumbuka. Mbili zilimtoka kabisa, na yeye ni mfamasia.

Alikaa wiki tatu na takwimu. Aligundua kwamba Mapunda hakukosea, kwa maana bei ilieleza karibu robo ya ongezeko. Wenye viwanda nao hawakukosea sana, kwani uzee ulieleza sehemu nyingine ndogo. Lakini hata baada ya kuondoa vyote viwili, bado kilibaki kitu kikubwa. Miaka ishirini nyuma, mtu wa miaka sabini alikuwa anameza dawa nne kwa wastani. Sasa alikuwa anameza kumi na tatu. Magonjwa hayakuwa yameongezeka mara tatu. Kilichokuwa kimebadilika ni mahali Mizani ilipoanzia kuogopa. Zamani, mtu alipewa dawa ya moyo ikiwa kati ya watu mia wa aina yake kumi wangepata shambulio. Punje zilipoboreshwa, wakashuka hadi watano. Sasa ilikuwa mmoja. Wale tisini na tisa wengine walimeza pamoja naye, kwa sababu hakuna aliyejua huyo mmoja ni nani.

Halafu dawa zilianza kuitana. Dawa ya shinikizo la damu ilivimbisha miguu, Mizani ikaleta ya kukausha maji. Ya kukausha maji ikaamsha maumivu ya viungo, ikaja ya viungo. Ya viungo ikachubua tumbo, ikaja ya tumbo. Leokadia alifuata minyororo ya namna hiyo hadi ukurasa wa daftari ukajaa mishale.

Mwisho alitafuta upande wa pili, dawa zilizoondolewa. Mizani iliruhusiwa kuongeza dawa yenyewe. Kuondoa, hata moja, kulihitaji daktari au mfamasia ajaze fomu, aeleze sababu, na aweke jina lake na sahihi. Iliitwa Fomu ya Kuondoa. Katika nchi ya watu milioni sitini, mwaka uliopita zilikuwa zimejazwa fomu mia mbili na kumi na mbili.

Hakuhitaji kuuliza kanuni hiyo imetoka wapi. Alikuwa ameiandika yeye.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa wakati huo. Mizani ilikuwa mpya, na ilikuwa na uhuru wa kuongeza na kupunguza. Siku moja ilimwondolea mwalimu mmoja dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa hesabu zilizoonekana sahihi, na siku ya tisa mwalimu yule alianguka ubaoni mbele ya darasa la sita. Kamati iliundwa, Leokadia akapewa kazi ya kuandika kifungu. Alikaa nacho siku mbili, akaandika: *Mizani inaweza kuongeza. Kuondoa kutafanywa na binadamu, kwa jina lake.* Watu walimpongeza. Mjane wa mwalimu alikuja kumshika mkono. Na hata sasa, akikisoma tena, hakuona kosa ndani yake. Aliona tu kwamba kwa miaka ishirini na mitatu hakuna aliyetaka jina lake liwe pale.

*

Kata moja haikufanana na nyingine zote. Iliitwa Liwundi, kwenye milima ya Umatengo, na matumizi yake ya dawa kwa wazee yalikuwa nusu ya kata jirani. Kilichomshangaza Leokadia ni kwamba Mizani ilikuwa inawaandikia wazee wa Liwundi dawa zilezile kama wa kwingine. Mirija ndiyo iliyokuwa inarudi bohari ikiwa imejaa.

Alipanda treni hadi Mbinga, kisha gari la waya lililoning'inia kwenye kebo na kuvuka mabonde hadi Liwundi. Ilikuwa Juni. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya kahawa, na watu walikuwa wamevaa masweta na kofia za sufu. Zahanati ilikuwa jengo safi la vyumba vitano na ilikuwa na nesi mmoja, Gaudensia Nchimbi, mwanamke wa miaka thelathini na nane mwenye sauti ya chini. Gaudensia alipoona kitambulisho cha wizara hakuuliza mgeni amefuata nini. Alimwomba asubiri amalize kufunga kidonda cha mgonjwa, akanawa mikono, akachemsha chai, akafunga mlango.

Alisimulia bila kuzungushazunguka. Miaka mitatu nyuma alikuwa na wazee waliokuwa wanaanguka. Walianguka bafuni, walianguka shambani, walivunjika nyonga. Wengine walikaa siku nzima wakitazama ukuta. Mmoja alimwita mke wake kwa jina la dada yake. Gaudensia alikuwa amewafahamu watu hao tangu utoto wake na hakuamini kwamba ni uzee tu. Alijaza maombi ya kuondoa dawa, lakini nesi hana mamlaka ya kusaini, kwa hiyo aliyapeleka kwa madaktari wa wilaya. Aliyapeleka mara kumi na saba. Daktari mmoja alimjibu kwa upole kwamba anakubaliana naye kabisa, na kwamba hatasaini.

Basi akaanza kubadilisha mirija. Mahali pa dawa aliweka unga wa wanga mtupu, uleule ambao viwanda hutumia kushikiza kidonge. Kinu hakikutambua tofauti. Aliondoa dawa moja kwa wakati mmoja, akasubiri wiki mbili, akimtembelea mzee kila siku, ndipo akaondoa nyingine. Hakugusa dawa za kisukari, za kifafa, wala za mtu aliyewahi kuugua moyo. Aliandika kila kitu kwenye daftari la shule. Walikuwa wazee arobaini na mmoja, kwa miezi kumi na minne.

"Na wao wanajua?" Leokadia aliuliza.

Gaudensia alitazama kikombe chake. Alisema hapana. Angewaambia, wangewaambia watoto wao, na watoto wangepiga simu Songea.

Leokadia aliomba kuwaona. Walizunguka siku mbili, Gaudensia akimtambulisha kama mfamasia kutoka wizarani, na hilo lilikuwa kweli. Aliona mzee wa miaka themanini na moja akipanda kahawa kwenye mteremko ambao Leokadia mwenyewe aliushuka kwa kushikilia miti. Aliona bibi aliyekuwa haongei, sasa anamgombeza mkwewe kwa sababu ya chumvi. Kwenye daftari, maanguko yalikuwa yamepungua kutoka thelathini na tatu kwa mwaka hadi sita. Waliokufa walikuwa wanne. Mizani, kwa wazee wa umri na hali ile, ilikuwa imekadiria saba.

Watatu kati ya wale wanne walikufa kwa sababu ambazo hakuna dawa ingezifikia. Wa nne alikuwa bibi aliyeitwa Petronila Kapinga, na alikufa kwa kiharusi, miezi mitano baada ya Gaudensia kumwondolea dawa ya kuzuia damu kuganda. Gaudensia aliufungua ukurasa ule mwenyewe, akaugeuza ili Leokadia ausome. Bi Petronila alikuwa anatokwa na damu puani kila wiki na alikuwa ameanguka mara nne. Hesabu za Mizani zilikuwa pembeni, zimenakiliwa kwa mkono. Kati ya watu mia kama yeye, kwa mwaka mmoja, tisini na saba wasingepata kiharusi, wawe na dawa au wasiwe nayo. Mmoja angekipata hata akiwa nayo. Wawili dawa ingewaokoa. Na katika mia hao hao, watano wangevuja damu hadi kulazwa, kwa sababu ya dawa.

"Ningepewa nafasi tena ningefanya vilevile," Gaudensia alisema. "Halafu kila Jumapili namwona binti yake kanisani na siwezi kumwangalia."

*

Leokadia alirudi Songea na daftari lile ndani ya mkoba. Alijua ameshika nini. Kwa miaka ishirini hakuna nchi tajiri iliyokuwa imethubutu kuwaondolea watu dawa ili kuona kitakachotokea, kwa hiyo hakuna aliyejua. Sasa alijua, walau kwa watu arobaini na mmoja. Kurasa zile zingeweza kubadilisha kifungu chake, na katika nchi ya milioni sitini, hilo lingezuia maelfu ya nyonga zilizovunjika na akili zilizofifia. Lakini ushahidi wenyewe ulikuwa umepatikana kwa kuwadanganya watu hao wote.

Alimweleza Mapunda yote, bila kutaja kata wala nesi. Mapunda alisikiliza akiwa amesimama dirishani. Hakuwa mtu mbaya, na alichopendekeza hakikuwa kibaya pia. Alisema takwimu zitumike bila majina. Iandikwe kwamba katika eneo fulani, kutokana na hitilafu ya usambazaji wa mirija, wazee kadhaa walikosa dawa kwa muda na hali yao ikafuatiliwa. Nesi aachwe na kazi yake. Binti wa marehemu aachwe na amani yake. Kifungu kibadilishwe kimyakimya kwenye kikao cha Septemba.

"Ukisema kwamba kuna mtu amekufa, watu wataogopa na hakuna kitakachobadilika kwa miaka ishirini mingine," alisema. "Unajua hilo kuliko mimi. Ulikuwepo kwa yule mwalimu."

Leokadia aliomba siku mbili.

Siku ya kwanza aliandika ripoti kama Mapunda alivyotaka, na ilikuwa ripoti nzuri. Alieleza bei, uzee, mstari wa hatari ulioshuka mwaka hadi mwaka, na dawa zilizoitana. Alieleza kwamba katika nchi maskini mgonjwa hukosa dawa kwa kuwa hakuna wa kuileta, na kwamba hapa Shirikisho dawa zimejaa kwa kuwa hakuna wa kuziondoa. Alieleza hitilafu ya mirija. Aliisoma hadi ukurasa wa mwisho. Kisha akaisoma tena, na kila alipofika kwenye neno *hitilafu* alijikuta anasimama. Gaudensia alikuwa amewaamulia watu arobaini na mmoja bila kuwauliza, kwa sababu aliona ana hakika. Na sasa yeye alikuwa anakaribia kuwaamulia milioni sitini kwa njia hiyohiyo. Mizani nayo, alipofikiria vizuri, haikuwahi kumuuliza mtu yeyote chochote. Kuhusu dawa saba alizokuwa anameza yeye, hakuna aliyemuuliza.

Siku ya pili alimpigia simu Gaudensia. Alimweleza pendekezo la Mapunda lote, na akamwambia kwamba lingemwacha salama. Akamwambia pia kwamba yeye hawezi kulisaini, ila hatataja jina lake wala la Liwundi mpaka Gaudensia mwenyewe aseme.

"Twende kwanza kwa Osmunda," Gaudensia alisema. "Asije akasikia kwenye redio."

*

Osmunda Kapinga, binti wa marehemu, alikuwa fundi wa magari ya waya. Walimkuta kwenye karakana ya kituo cha juu akiwa amevaa ovaroli lenye grisi, anakagua roli za kebo. Aliwakaribisha ofisini, akafuta viti viwili kwa kitambaa, akadhani wamekuja kwa habari ya huduma ya kwanza kwa wafanyakazi.

Gaudensia ndiye aliyesema. Alikuwa ameliomba hilo njiani. Alisema lini alianza, dawa ipi kwanza, dawa ipi mwisho, na tarehe. Alisema aliweka unga wa wanga. Alisema mama yako hakujua, na wewe hukujua, na mimi nilijua. Hakulia, na hakuomba msamaha mpaka alipomaliza kila kitu, kana kwamba aliogopa msamaha ukitangulia utazuia maneno mengine kutoka.

Osmunda aliomba tarehe ya dawa ya kwanza irudiwe. Gaudensia akarudia: tarehe nne Novemba.

Osmunda alihesabu kwa vidole. Alisema kwamba kabla ya Krismasi ile mama yake alimwita jikoni akamwambia sketi aliyovaa haimpendezi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili mama kumtambua. Tangu siku ile hadi alipokufa, walikaa pamoja kila jioni wakichambua maharage na mama akisimulia mambo ya ujana wake, mengine ya aibu kabisa. Osmunda alikuwa amemshukuru Mungu. Alikuwa ametoa sadaka ya misa.

"Kumbe ni wewe," alimwambia Gaudensia.

Nje kebo ilipita juu ya roli ikitoa mlio mwembamba.

Kisha akamgeukia Leokadia, akataka kujua kama mama angeishi iwapo ile dawa isingeondolewa. Leokadia alimwambia kwamba hajui, na kwamba hakuna anayejua. Akamweleza zile hesabu za watu mia, polepole, moja baada ya nyingine. Osmunda alikuwa mtu wa mitambo na hesabu hazikumpa shida. Alizielewa mara moja, na kuzielewa hakukumsaidia kitu. Aliwaomba waondoke kwa kuwa gari la saa nane lilikuwa linakaribia na alipaswa kulipokea.

*

Ripoti iliyofika bungeni ilikuwa na kurasa kumi na nne badala ya kumi. Neno hitilafu halikuwemo. Liwundi ilitajwa, na Gaudensia Nchimbi alitajwa kwa ridhaa yake ya maandishi. Ukurasa wa mwisho Leokadia aliandika kwamba kifungu kilichosababisha yote hayo ni chake.

Mapunda alikuwa sahihi juu ya hofu. Wiki ile vituo vya afya vilijaa watu waliotaka mirija yao ipimwe. Magazeti yalichapisha picha ya Bi Petronila. Watu wawili walirushia mawe zahanati ya Liwundi, na wazee watano wa kata hiyo, mmoja wao akiwa yule mpanda kahawa, walikwenda kusimama mlangoni na majembe yao hadi polisi walipofika. Leokadia alihamishiwa chumba cha kumbukumbu kusubiri uamuzi. Tume ya watu watano iliteuliwa, mwenyekiti wake akiwa jaji mstaafu, Mheshimiwa Tasiana Mbawala.

Tume ilikaa Songea kwa siku tisa. Wenye viwanda walikuja na mawakili. Madaktari walikuja, akiwemo yule aliyekubaliana na Gaudensia lakini akakataa kusaini. Aliulizwa kwa nini, akasema kwamba akimwacha mgonjwa na dawa na mgonjwa akafa, amekufa kwa ugonjwa. Akimwondolea dawa na mgonjwa akafa, amekufa kwa daktari. Alisema hivyo kwa unyenyekevu, na ukumbini hakuna aliyemzomea.

Siku ya nane aliitwa Osmunda Kapinga. Alikuja na gauni la kitenge na viatu vipya vilivyokuwa vinambana. Wakili wa viwanda alimwongoza kwa huruma. Alimuuliza kama mama yake alidanganywa, akasema ndiyo. Kama anaamini nesi alikuwa na haki ya kufanya alichofanya, akasema hapana. Wakili alishukuru akaketi.

Wakili wa Gaudensia naye alisimama. Alimuuliza kuhusu ile miezi ya mwisho, kuhusu maharage na masimulizi ya jioni, na Osmunda alieleza yote bila kupunguza. Alisema ilikuwa miezi mizuri kuliko yote ya utu uzima wake. Wakili huyo pia alishukuru akaketi, akiwa ameridhika kama mwenzake.

Sasa ilikuwa zamu ya mwenyekiti. Alivua miwani, akainama kidogo mbele.

"Binti yangu," Jaji Mbawala alisema, "nakuuliza jambo moja tu. Siku ile ya Novemba, kama nesi angekuja kwako na mama yako, akawapa zile hesabu zote, mngekubali dawa ziondolewe?"

Wanasheria wa pande zote mbili walishika kalamu. Gaudensia, kwenye kiti chake, alikuwa ameinamisha kichwa. Leokadia, aliyekuwa kwenye safu ya nyuma, aliona mikono ya Osmunda ikisugua mbao za kizimba polepole, kama mtu anayetafuta ufa kwa vidole.

"Sijui, Mheshimiwa," alisema hatimaye. "Nimejiuliza kila siku tangu waje pale karakana. Siku nyingine nakubali, siku nyingine nakataa. Mama naye sijui angesema nini. Ndiyo maana nilitaka kuulizwa."

Jaji aliandika kwa muda mrefu.

Gaudensia alifungiwa kazi miaka miwili, na Osmunda alikataa kuandika barua ya kuomba adhabu iongezwe, na akakataa pia kuandika ya kuomba ipunguzwe. Tume iliagiza kifungu cha zamani kibadilishwe; viwanda vilikata rufaa, vikashindwa. Kifungu kipya kilipitishwa mwezi Machi, na Leokadia hakukiandika yeye. Kiliandikwa na kijana wa kike wa idara ya sheria, kwa maneno machache: kwamba hakuna dawa itakayoongezwa wala kuondolewa mpaka mwenye mwili aelezwe na aulizwe, na kama hawezi kujibu, wa kwake aulizwe.

Mizani haikujua kuuliza. Ilibidi watafutwe watu elfu sita wa kufanya kazi hiyo, nyumba kwa nyumba, na Leokadia, aliyekuwa bado chumba cha kumbukumbu, aliomba awe mmoja wao. Walimpa mtaa mmoja Songea na orodha ya majina mia tatu na kumi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee aliyekuwa dereva wa treni. Alimsikiliza saa nzima na nusu, dawa kwa dawa, akiuliza maswali mazuri. Mwisho alisema hili ni jambo kubwa, atalizungumza na mke wake akirudi sokoni. Leokadia alisema ni sawa, akamuuliza kama anaweza kukaa kumsubiri. Mzee akaenda kutafuta kiti kingine, cha mke wake.